Tulivyoiondoa GPA Mlangoni

Programu ya Umahiri ya chuo chetu ilianzishwa kwa nia njema, kama yanavyoanzishwa mambo mengi ya vyuo vikuu vya umma, kisha ikaenda kwa mazoea miaka kadhaa bila mtu kuuliza inamfaa nani. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyemaliza mwaka wa kwanza akiwa na GPA, yaani wastani wa alama zake, ya 4.4 au zaidi, kiwango kile kile ambacho mwisho wa masomo humpa mtu daraja la kwanza, aliandikiwa barua ya pongezi, akaingizwa kwenye orodha ambamo alibaki mradi GPA yake isishuke chini ya hapo, akapewa kipaumbele cha chumba hosteli na ruhusa ya kuazima vitabu vingi zaidi maktaba, naye akatakiwa kuhudhuria mihadhara ya ziada Jumamosi asubuhi. Siku ya mahafali alipata cheti. Mimi niliingizwa kwenye kamati ya kuiunda upya kwa sababu moja tu: niliwahi kusoma Marekani, katika chuo kikuu kikubwa cha jimbo, na huko nilikuwa mwalimu msaidizi katika programu ya namna hiyo. Wakubwa waliona kwamba aliyeyaona ya wenzetu atajua la kufanya hapa Dodoma. Walikuwa sahihi nusu.

Nafasi ya kuigusa programu ilikuja na wimbi la kupitia mitaala. Mwaka 2021 Serikali ilianza mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ambao vyuoni kila mtu anauita HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, na pamoja na majengo na maabara mradi huo ulitaka vyuo vihuishe mitaala yake. Kila idara ikawa na faili mezani, wadau wakaitwa, chai na maandazi vikaagizwa (kamati ya chuo kikuu haina adui mkubwa kuliko birika tupu), na katikati ya shughuli hiyo mjumbe mmoja akauliza kama Programu ya Umahiri nayo haistahili kupitiwa. Hakuna aliyekuwa na jibu la kumkatalia.

Programu hizi zina ukoo mrefu. Frank Aydelotte, Mmarekani aliyesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, alipokuwa mkuu wa Chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania alianzisha mwaka 1922 mpango uliofuata alichokiona Uingereza. Wanafunzi waliokuwa tayari kwa kazi ngumu waliachana na mihadhara ya kawaida katika miaka miwili ya mwisho, wakasoma kwa semina ndogo, na mwishoni wakafanya mtihani wa kuandika na wa mdomo mbele ya watahini waliotoka vyuo vingine. Jambo lililonivutia katika mpango huo, na ambalo sikulielewa vizuri nilipokuwa huko, ni kwamba mwalimu wa semina hakuwa yeye wa kumpa mwanafunzi hukumu ya mwisho. Mwalimu na mwanafunzi walikuwa upande mmoja, wakijiandaa pamoja kumkabili mgeni.

Swarthmore, hata hivyo, ni chuo kidogo cha binafsi. Vyuo vikuu vikubwa vya umma viliingia kwa wingi baadaye, hasa baada ya mwaka 1957, mwaka ambao Wasovieti walirusha Sputnik na Wamarekani wakashikwa na hofu ya kuachwa nyuma. Mwaka huo huo iliundwa kamati ya vyuo mbalimbali iliyoongozwa na Joseph Cohen wa Chuo Kikuu cha Colorado, ikazunguka kuhimiza vyuo vya majimbo vianzishe programu za wanafunzi mahiri, na mwaka 1966 likaundwa baraza la kitaifa la programu hizo ambalo lipo hadi leo. Katika vyuo vyenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, mpango ule ulichukua sura nyingine: ukawa chuo kidogo ndani ya chuo kikubwa, chenye hosteli zake na haki ya kuchagua kozi kabla ya wengine. Hosteli hizo na haki hiyo ni chambo, kwa sababu vyuo vya majimbo hushindana na vyuo tajiri vya binafsi kuwapata vijana waliofaulu sana sekondari. Kijana wetu aliyemaliza kidato cha sita huangalia zaidi kama kozi anayoitaka ipo na kama Bodi ya Mikopo itamkubali. Kwa hiyo kipaumbele cha chumba na idadi ya vitabu vya kuazima, ambavyo programu yetu iliviiga, havikuwa na kazi yoyote hapa zaidi ya kuwatenga wachache na wenzao. Tuliviondoa katika kikao kimoja na sikusikia aliyelalamika, isipokuwa mkutubi mmoja aliyekuwa ameshatengeneza kadi.

Kazi kubwa ilikuwa GPA.

Tuliomba ofisi ya usajili ituletee matokeo ya wanachama wa programu bila majina, ili tuone wanasoma nini baada ya kuingia. Tulitegemea kukuta watu wenye kiu ya elimu wakichukua kozi za hiari zilizo ngumu kuliko wenzao. Tulikuta kinyume chake: kozi zao za hiari zilirundikana kwenye zile zile chache ambazo chuo kizima kinazijua kuwa ni za mteremko. Hesabu yenyewe ina mantiki. Kwa mfumo wetu A ni pointi 5, B+ ni 4 na B ni 3. Chukua mwanafunzi mwenye kozi kumi za uzito sawa, nne akiwa na A na sita akiwa na B+. Wastani wake ni 4.4 kamili. Badilisha B+ moja tu iwe B, anashuka 4.3 na yuko nje ya orodha. Nani katika hali hiyo atakwenda kujaribu takwimu za juu, au Kifaransa, au kozi ya mhadhiri anayejulikana kwa kalamu kavu? Kijana mmoja wa uchumi aliniambia bila kuficha, “Mwalimu, kozi yako naipenda, ila nikiichukua itanishusha. Ngoja nimalize kwanza.” Alimaliza kwa daraja la kwanza na kozi yangu hakuisoma.

La pili lilihusu wakati wa kuchagua. GPA ya mwaka wa kwanza hupima mambo mengi, na mojawapo ni shule aliyotoka mtu. Watoto wetu husoma shule za msingi za Serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza, na yule aliyepita katika shule ya kata yenye walimu wachache hufika chuo kikuu akiwa bado anapigana na lugha ya mtihani wakati mwenzake aliyesoma kwa Kiingereza tangu utotoni anapigana na somo lenyewe. Wengi wa hao wa kwanza hukaa sawa mwaka wa pili. Lakini mlango wetu ulikuwa unafunguliwa mara moja tu, mwisho wa mwaka wa kwanza, kisha unafungwa moja kwa moja. Waliokuwa ndani walitoka kwa wingi katika shule ambazo majina yake hayakumshangaza yeyote kwenye kamati.

Tulipopendekeza kuiondoa GPA mlangoni, ubishi ulikuwa mkali. Rasi mmoja wa ndaki, yaani mkuu wa mojawapo ya vyuo vidogo vinavyounda chuo kikuu chetu, mtu ninayemheshimu, aliuliza ikiwa sasa tutachagua kwa kutazama sura. Hoja yake haikuwa ya kupuuza, kwa sababu katika nchi hii namba ina usalama wake: haimjui mtoto wa nani ni nani, wala haipigiwi simu usiku. Tulichokubaliana ni mlango wenye vipimo vingine vinavyoonekana na kuandikwa. Mwombaji asiwe na somo la kurudia. Aandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kiingereza, kuhusu swali linalomsumbua. Alete kazi yoyote aliyoifanya bila kutumwa na mwalimu. Halafu aketi mbele ya wahojaji watatu, na angalau wawili wawe wa ndaki nyingine na si ya kwake, kila mmoja akiandika alama zake kwenye fomu kabla ya kujadiliana. Maombi yapokelewe mwisho wa mwaka wa kwanza na tena katikati ya mwaka wa pili.

Sharti la kazi bila kutumwa ndilo lililotufumbua macho. Katika kundi la kwanza alikuja binti kutoka Chemba, mwanafunzi wa takwimu, ambaye kwa utaratibu wa zamani asingeruhusiwa hata kuchukua fomu. Alitoa kwenye mkoba daftari la kawaida la shule lenye kona zilizokunjika. Ndani, kwa mistari iliyopigwa kwa rula, aliandika bei ya dumu la lita 20 za maji katika mtaa aliopanga huko Nkuhungu, karibu kila siku tangu kiangazi kianze: tarehe, bei, kama bomba lilitoka, kama maji yalikuwa ya mkokoteni au ya boza, na safu ya mwisho yenye maneno machache kama “msiba jirani” au “sikuwepo”. Mhojaji mmoja, mhandisi, alimuuliza nani alimwambia afanye hivyo. “Hakuna, Daktari. Nilikuwa nanunua maji, nikaona bei haitulii, nikataka kujua inafuata nini.” Mhandisi akalichukua lile daftari, akalisoma kurasa nyingi kimya huku sisi tukisubiri, kisha akauliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu: kwa nini siku zenye “sikuwepo” hakuzijazia kwa kukisia? Binti akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. “Si ningekuwa nadanganya?”

Vikwazo vya ndani ya mfumo vilitulazimisha kuwa wabunifu kuliko tulivyopanga. Kwa miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu krediti moja ni saa kumi za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, ambazo zikigawanywa vizuri hazimwachii mwanafunzi nafasi kubwa ya kupumua. Programu ya zamani ilijibandika juu ya mzigo huo, Jumamosi, bila krediti. Waliokosa mihadhara hiyo tuliwaita wavivu. Tulipowauliza, wengi walikuwa wakifundisha tuisheni mitaa ya Area C na Kisasa, au wakiuza vocha na chipsi, kwa sababu bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likiisha halirudi mpaka robo ijayo. Kumwongezea mtu muhula nako haiwezekani, maana mkopo hutolewa kwa miaka ya kawaida ya kozi yake. Njia iliyobaki ilikuwa kubadilisha na si kuongeza: semina ya mwaka wa pili ikachukua nafasi ya kozi mbili za hiari, na andiko la mwaka wa tatu likachukua nafasi ya mradi wa utafiti ambao kila mwanafunzi hufanya. Shahada ikabaki ile ile na krediti zile zile.

Semina ndiyo sehemu ninayoweza kuizungumzia mpaka usiku. Tuliamua kila mwaka iwe na jambo moja la kanda hii ya kati, lililo pana kiasi kwamba idara moja haiwezi kulimaliza, na jambo la kwanza likawa mradi wa karanga wa Kongwa. Kila mtoto wa Dodoma amesikia habari zake kama kichekesho cha wakoloni, na tulitaka wanafunzi waende ng'ambo ya kichekesho. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza kulimwa karanga katika zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika. Kongwa ikaanza 1947, pamoja nayo Urambo na Nachingwea. Januari 1951 mradi ulikufa rasmi, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Wanafunzi walikuwa wachache, wanaotosha meza moja ndefu, kutoka kilimo, uhasibu, historia, uhandisi, uuguzi na lugha. Wiki za mwanzo kila mmoja alisema lugha ya idara yake. Mwanafunzi wa historia alieleza ukoloni, wa uhandisi akaeleza trekta, zikiwemo zile zilizotengenezwa kwa kugeuza vifaru vya Sherman, na wakawa kama abiria wa basi moja wasiosalimiana. Mabadiliko yalikuja siku mwanafunzi wa kilimo alipoleta donge la udongo alilolichukua Kongwa mwezi Septemba. Aliliweka mezani na kuwaambia wenzake walivunje kwa mkono. Hawakuweza. Ndipo akaeleza kwamba karanga hukomaa chini ya ardhi na huvunwa kwa kung'olewa, na kwamba udongo ule wenye mfinyanzi ukikauka baada ya mvua hushika kama sementi, hivyo hata zao likistawi halitoki. Wa uhasibu akanyamaza kidogo, akafungua makadirio ya gharama tuliyokuwa tunayasoma, akauliza, “Sasa gharama ya kuvuna waliikadiria wakiwa na udongo gani?” Tangu siku hiyo sikuwa na kazi ya kuwachochea, kazi yangu ilikuwa kuwafukuza chumba kilipohitajika na darasa lingine.

Tulikwenda Kongwa kwa basi la chuo, tukakata kona pale Mbande. Mzee mmoja aliyekuwa mtoto enzi hizo alitupokea, tukamwamkia “Mbukwenyi”, naye akacheka kusikia namna baadhi yetu tulivyoitamka. Alisema baba yake alifanya kazi ya kung'oa visiki, na kwamba mibuyu iliwatoa jasho, maana mashine ikiusukuma mbuyu nyuki hutoka ndani yake na kila mtu hukimbia, Mzungu na Mgogo sawia. Mwanafunzi wa uuguzi, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, akamuuliza, “Babu, wafanyakazi walikula nini?” Mzee akazungumza muda mrefu sana kuhusu bei ya nafaka kupanda kwa watu wa vijijini kambi ilipojaa watu wenye mishahara. Swali hilo halikuwa kwenye mpango wa semina, nalo likazaa andiko zuri kuliko yote ya mwaka ule. Mwaka uliofuata tulifanya mpango wa hifadhi ya ardhi wa HADO, ulioanza 1973, na uamuzi wa mwaka 1979 wa kuondoa mifugo katika eneo la mmomonyoko la Kondoa. Huo ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu wazazi wa baadhi ya wanafunzi walihamishwa pamoja na ng'ombe wao, na mjadala ulihitaji adabu ambayo karanga za Kongwa hazikuidai.

Semina huandikwa kwenye matokeo kuwa mtu amefaulu au hakufaulu, nayo haiingii katika GPA. Seneti ilibishia jambo hili kuliko yote mengine, na bila hilo nisingekubali kuendelea, kwa sababu programu ingerudi kule kule kwa kijana wa uchumi. Andiko la mwaka wa tatu lina alama, lakini hazitolewi na msimamizi. Hapa tuliigeukia mila ambayo vyuo vyetu tayari vinayo tangu enzi za kufuata mitihani ya London: mtahini wa nje. Kwa kawaida mtahini huyo huja mitihani ikishasahihishwa, hukaa chumbani na marundo ya karatasi, akapitia sampuli, akaandika ripoti, akaondoka bila kuonana na mwanafunzi hata mmoja. Sisi tulimwomba asome maandiko mapema, kisha akae na kila mwandishi kwa mahojiano ya mdomo. Gharama haikuongezeka sana, kwa kuwa anakuja vyovyote vile. Kilichobadilika ni mazungumzo ya ofisini kwangu. Mwanafunzi haulizi tena nitampa ngapi, anauliza mgeni atambana wapi, nami namwonyesha wapi ningembana.

Binti wa Chemba alifika mbele ya mtahini huyo akiwa na miaka miwili ya bei za maji na jedwali la uzalishaji wa visima vya Makutupora, ambavyo ndivyo vilivyoinywesha Dodoma kwa miongo mingi. Mtahini alimbana kwenye namna alivyochagua wauzaji. Alijibu nusu, na nusu nyingine akakiri kwamba data zake hazitoshi kusema. Alipata B+. Kwa utaratibu wa zamani alama hiyo ingekuwa hatari kwa mtu wa orodha.

Jambo ambalo bado halijakaa sawa ni walimu. Mhadhiri mwenye darasa la mamia ya wanafunzi, ambaye mwezi wa mitihani hulala na marundo ya kusahihisha, anapoombwa kuongoza meza ya watu wachache kwa muhula mzima hupiga hesabu haraka: kupandishwa cheo kunatazama zaidi machapisho, na semina haimwandikii makala. Tulifanikiwa kupata azimio kwamba semina ihesabiwe kwenye mzigo wa kazi kama kozi kamili hata kama ina watu kumi na tano. Azimio lipo kwenye kumbukumbu za kikao. Katika ndaki mbili linatekelezwa. Kwingineko mkuu wa idara akiwa na upungufu wa watu humrudisha mwalimu darasani kwanza na semina hungoja, nami siwezi kumlaumu kwa kuwa wale mamia nao ni wanafunzi wetu. Kwa sasa tunaendesha semina mbili badala ya tano tulizopanga. Muhula ujao tunajaribu kuwapa wahadhiri wasaidizi wawili wanaosomea uzamivu nafasi ya kuongoza semina pamoja na mwalimu mmoja mzoefu. Seneti imetaka tupeleke ripoti ya jaribio hilo kabla haijaturuhusu kufungua maombi ya kundi jipya.